Uani kwa Wavuta Sigara

Kila asubuhi alikohoa kwanza ndipo akavaa viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kifua kikikoroma, kikikwama, kikikoroma tena, mpaka makohozi yaingie kwenye kopo. Kule kwenye kinu cha unga, alikokuwa mshona magunia, walimpachika jina la Pikipiki, kwa kuwa hawaki bila kupigwa kiki.

"Ya njano tena," mkewe alisema akichungulia kopo bila kinyaa. "Baba watoto, majibu ya damu yako tayari. Pitia zahanati."

"Nikichelewa nyapara atanikata mshahara."

"Akate. Mimi sitaki ujane wa sigara."

Akapitia. Daktari, binti mpole, alimweleza taratibu. Mirija ya hewa imevimba miaka mingi, na hiyo ndiyo bronkaitisi sugu. Tena kingamwili zake, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu, ziko chini. Labda ndiyo maana dawa inaifukuza homa ya kifua, na kabla hajapata nguvu sawasawa, imesharudi.

"Zimeshushwa na nini?"

"Tutapima tena tujue vizuri. Lakini wavutaji wengi tunawakuta hivi. Moshi unachubua mirija, na kinga nayo inapungua. Ulianzaje kuvuta, baba?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Hakuanza kwa anasa. Kwenye kinu, mshona magunia husimama kutwa nzima. Moto ni marufuku karibu na unga, kwa hiyo mvutaji hupewa ruhusa ya kwenda uani. Asiyevuta hana sababu ya kutoka. Basi akajifunza sigara kwa ajili ya miguu yake. Wengi pale walianza hivyo, wakiona wamepata ujanja, na sasa vifua vyao vinasikika hadi barabarani.

"Ukiacha, kifua hakitakuwa kipya, sikudanganyi," daktari alisema. "Ila ukiendelea, kuna homa moja itakuja na hutainuka nayo."

Nje ya zahanati alitoa paketi mfukoni. Ilikuwa karibu kujaa. Aliipondaponda yote, akaitia kwenye pipa la taka, akaondoka haraka asije akairudia.

Mchana wenzake walipoelekea uani, naye akaweka sindano chini. Mate yalimjaa mdomoni kwa hamu. Nyapara akamziba njia.

"Pikipiki, umekuja umechelewa na bado unataka kuvuta?"

"Nimeacha."

"Hongera. Basi rudi kwenye magunia. Uani ni kwa wavutaji."

"Naenda kukaa tu. Kifua kimenibana."

"Kukaa ni nyumbani kwako, bwana. Usituharibie utaratibu."

Mpakiaji mmoja alimsogezea sigara kwa huruma, akanong'ona. "Ishike tu, kaka. Usiiwashe. Moshi wangu unatosha kumdanganya huyu."

Harufu ile ilimpanda hadi kichwani. Vidole vikajiinua vyenyewe kuipokea. Akavirudisha, akavifumbata kwapani.

"Nikiishika nitaiwasha. Najijua mimi."

Kisha akampita nyapara pembeni, akaenda kukaa juu ya rundo la matofali, mbali na moshi wa wenzake, mikono mitupu.

"Nakuandika," nyapara alisema.

"Andika. Sema mshona magunia amekaa."

Alikohoa sana, machozi yakamtoka, lakini hakuinuka.

Ndani, mama mmoja anayefagia unga alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Maishani mwake hakuwahi kuvuta, na kwa muda wote aliofanya kazi pale hakuwahi kukanyaga uani. Aliegemeza ufagio ukutani, akajipangusa unga usoni, akatoka.

"Wewe nawe unakwenda wapi?" nyapara aliuliza.

Mama alimpita. Alifika kwenye matofali akiburuta miguu iliyovimba.

"Sogea kidogo, baba," alisema, akakaa.