Kidole cha Mwokaji

Mume wangu huoka mikate usiku, hulala mchana. Kila asubuhi alirudi akinukia hamira, akamaliza sahani iliyojaa pomoni, akajitupa kitandani. Hapo ndoto ilimjia: donge la unga linaumuka, linajaza chumba, linamlalia kifuani. Nami nilimwona akibonyeza tumbo lake kwa kidole, kama anavyopima unga kazini kuona kama umeshaumuka. "Tayari," aliguna, kisha akakurupuka, na usingizi ndiyo basi tena. Kwa uchovu akashinda akila vitu vitamu apate nguvu, na vitamu navyo vikazidi kumkosesha usingizi.

"Mke wangu, nimerogwa," akaniambia.

"Aliyekuroga ni kijiko chako," nikamjibu. "Wewe ukitaka unga utulie, unautia hamira?"

Leo nimempa bakuli dogo la supu, sahani nikaifunika mpaka atakapoamka. Alinuna, lakini alilala. Pazia likawa linapumua naye, polepole. Kidole kikaja, kikabonyeza tumbo.

"Bado," akanong'ona, akageukia ukutani.

Nikamfunika shuka taratibu, kama yeye anavyoufunika unga wake kwa kitambaa.