Ndege wa Mkwe

Musimbi alikuwa amechoka na ndege. Si hawa wa msituni wanaomlia mahindi yake pale Shinyalu. Hao anawarushia mawe na maisha yanaendelea. Alichoka na ndege wa Ayalandi.

Bintiye Tracy ni nesi huko, mji wa Galway, upande wa magharibi ambako nchi inaishia baharini. Ameolewa na mwalimu wa hukohuko, Fergal, na shule zikifungwa kiangazi bwana huyo hana kazi nyingine ila kuzunguka ufuoni na kando ya maziwa, darubini shingoni, akitafuta ndege. Hawawindi, hawafugi, hawali. Anawaangalia tu!

Sasa Tracy alikuwa na mimba, na ile ya kwanza ilitoka mwaka juzi. Kwa hiyo Musimbi akipiga simu ya video alitaka jambo moja: amwone mwanawe, aone kama miguu imevimba, kama uso una damu. Lakini Tracy mara yuko zamu, mara amelala, na anayeshika simu ni mkwe. Na Musimbi anaonyeshwa nini? Leo bata maji weupe ziwani. Kesho ndege weusi kwa weupe wenye midomo ya rangi ya karoti, wanakimbia mchangani kama waliochelewa kanisani.

"Mama! Ndege!" sauti ya mkwe husema nyuma ya simu, kwa Kiswahili chake cha kuokota.

"Naona ni ndege! Tracy yuko wapi?"

"Tracy lala. Ndege mzuri, Mama."

"Haki ya Mungu, huyu mtu ataniua," Musimbi alimwambia mumewe, Shikanga. "Mke wake anakaribia kujifungua, yeye ananionyeshanga kuku wa baharini!"

"Mwache kijana wa watu," Shikanga akasema, macho kwenye simu. "Huyo wa mdomo mrefu ni mzuri kweli."

"Wewe nawe!"

Angalau uso wa mkwe haukuonekana, na kwa hilo Musimbi alishukuru. Kwao mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Ni heshima, na ni mwiko tangu enzi za nyanya zake. Simu ya kwanza kabisa, uso wa Fergal ulijaa kwenye kioo, mwekundu, meno yote nje. Musimbi aliitupa simu kwenye beseni la maharagwe akajifunika leso. Tangu siku hiyo, ni ndege tu.

Alhamisi asubuhi ujumbe ukaingia: Mama, nimeanza uchungu, tuko hospitali. Halafu kimya.

Musimbi akaenda kuchuma majani chai, akarudi na kikapu nusu. Akasonga obusuma, ugali wa kwao, ukaungua. Akapiga simu, haikushikwa. Akapiga tena, haikushikwa. Shikanga alipomwambia atulie, alimwambia atulie yeye na ukoo wake wote.

Alasiri simu ikalia. Musimbi akaidaka na mikono ina unga. Picha ikatulia.

Ndege.

Ndege mkubwa mweupe, mabawa ya kijivu, ametua nje ya dirisha na anamtazama kwa jicho la dharau.

"Mama..." mkwe akaanza.

"Usiniite Mama!" Musimbi akalipuka. "Mwanangu yuko kwa uchungu tangu asubuhi, nimekaa hapa roho mkononi, na wewe bado ni ndege? Huna haya? Tracy ni mzima ama si mzima?" Kilio chembamba, kikali, kikasikika kwenye simu, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. "Na umnyamazishe huyo ndege wako, ananipigia kelele!"

 Kisha ikaja sauti ya Tracy, imechoka, iko karibu sana.

"Mama, huyo si ndege."

 Picha ikayumba, ikapita pazia, ikamfikia Tracy kitandani, nywele ovyo, na kifuani pake kitoto chekundu kimekunja ngumi, kinalia kwa hasira.

"Ni msichana. Sote tuko salama. Amerithi mdomo wako, unasikia?"

Musimbi akalia. Akamwita Shikanga, naye akaja, akalia vilevile.

"Lakini mwanangu," Musimbi akasema alipopata sauti, "kwa nini aanze na ndege, hata leo?"

"Mama, ni mimi nilimwambia mama mkwe haangaliwi usoni. Tangu siku ile ya maharagwe anaogopa. Simu yako ikilia anatoka mbio kutafuta ndege wa kukuonyesha, asije akakukosea. Leo alikataa kuniacha, ndiyo akapata huyo wa dirishani."

Musimbi akakaa kwenye kigoda. Majina yote aliyompa yule kijana tangu kiangazi kianze yakamrudia moja moja, na mengine hayasemeki mbele ya mtoto. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akapangusa uso kwa leso, akaiweka sawasawa begani.

"Mwambie ageuze simu tena dirishani," akasema. "Nataka niongee na mkwe wangu vizuri."

Picha ikazunguka, ikatulia kwenye kioo cha dirisha na mawingu.

"Mama," Fergal akasema, "ndege... enda."

"Ameenda?" Musimbi akapaza sauti. "Basi atafute mwingine, nangoja!"