Vinini vya Akiba

Hospitalini walinipasua ngiri asubuhi, na mchana nilikuwa tayari shujaa. Ganzi ilikuwa bado inafanya kazi, nami nikaamini ni nguvu zangu. Muganga Osée alipoleta vinini, vidonge vya maumivu, nilicheka.

"Sisikii kitu, muganga."

"Ndiyo maana unameza sasa. Ukingoja maumivu yakushike, hutatembea, hutakohoa, na mapafu yataugua. Hayo ndiyo yataweza kukuua."

Nikaitika vizuri. Alipotoka, nikavifunga kwenye leso na kuiweka chini ya mto. Kwetu Songo nani anameza dawa wakati haumwi? Dawa nzuri hivi inawekwa. Kesho mtoto ataumwa jino. Tena mama mukwe, mama yake mke wangu Félicité, alikuwa njiani kutoka Kamanyola. Tangu siku ya mahari yule mama ananiona laini, bugali uliokosa unga. Nilitaka anikute nimekaa, nacheka, bila dawa hata moja.

Ganzi ikaisha. Ee Mungu wangu! Kikohozi kilinijia, nikakimeza. Pumzi nikawa naiiba kidogo kidogo. Hapo ndipo mama mukwe akaingia na kikapu chake.

"Karibu, mama. Minye niko muzuri," nikasema, machozi yakinitiririka mpaka sikioni.

Alikaa mbali, uso pembeni, ndivyo heshima ya wakwe inavyotaka. Lakini alinisikia ninavyopumua.

"Kohoa," akasema.

"Sina kikohozi, mama."

"Weye, kohoa!"

Nikajaribu, ikatoka sauti ya mbuzi. Mto ukateleza, leso ikaanguka, vinini vikatawanyika mpaka miguuni pake. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaviokota polepole. Nilingoja matusi.

"Baba yake Félicité walimupasua vilevile," akasema. "Alikataa dawa. Hakulia, hakukohoa, alikuwa anapumua hivi hivi kama weye. Watu wote walimusifu, huyu ni mwanaume. Basi tulizika mwanaume."

Akamwita Osée aseme ni vinini vipi vya kumeza saa hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo mama mukwe hafanyi: akanikaribia, akaniinua kichwa kwa mkono wake, akaninywesha maji.

"Mutoto wangu asiwe mujane kama minye. Meza."

Nikameza. Nililia waziwazi, wodi nzima ikageuka kunitazama. Dawa iliposhika, nikakumbatia mto tumboni, nikakohoa kweli.

Mkono wake ulikuwa sasa begani mwangu.

"Tena," akasema.