Mmiliki wa Hospitali

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na moja, saa nne kasorobo asubuhi, pale fundi wa mashine alipoandika neno moja la kweli kwenye fomu.

Fomu ilitoka ng'ambo, kwa wauza pampu za mashine za kusafisha damu. Ni mwaka wa tatu sasa mataifa makubwa yameiwekea nchi vikwazo, lakini redio ilisema vifaa vya hospitali haviguswi. Mkurugenzi akamsukumia fundi ile karatasi: "Wewe ndiye unayezijua mashine, jaza." Fundi akajaza, ulimi nje kama mtoto wa shule. Kisanduku cha tisa kiliuliza mmiliki wa hospitali ni nani. Akaandika: Serikali.

Jibu lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Karani wa mapokezi alimsomea fundi: pampu tunauza, ila si kwa Serikali yenu. Mistari miwili. Hata pole hawakuweka.

"Ungeandika chama cha akina mama wasuka vikapu," karani akasema.

"Lakini hospitali ni ya Serikali!"

"Ndiyo hiyo kweli yako. Ipike tule."

Fundi alirudi chumba cha mashine mbiombio, akatoka, akaingia tena. Mashine zilikuwa nne. Ya nne waliiita Mbuzi, maana ilikwishachinjwa: leo nyaya, kesho bodi, keshokutwa skrubu, mpaka likabaki ganda. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu vikwazo vianze. Anaua moja ili nyingine zipate kula. Sasa Mbuzi hakuwa na mfupa wa kuguguna, na asubuhi ile pampu ya mashine ya pili ilikohoa mara tatu ikanyamaza.

Zilibaki mbili. Kila mgonjwa hukaa kwenye mashine saa nne, kwa hiyo tangu alfajiri hadi jioni mbili hutosha watu sita. Kwenye benchi la wagonjwa, humo humo chumbani, walikuwa wanane.

Fundi alijua kukosa zamu ni nini. Mkewe alikosa mbili tu, mwaka juzi. Ya tatu hakuifikia. Na leo aliyekaa mwisho wa benchi, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii, ni mdogo wa marehemu.

"Shemeji, mbona unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" akamuuliza. "Kaa. Unatupa kizunguzungu."

"Pampu haiji."

Benchi zima likamgeukia. Mwalimu mstaafu akajikohoza. "Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili..."

"Mwalimu, tuache," akadakia mshona viatu. "Nyasi zina mizizi. Mimi hata figo sina."

Wakacheka, kicheko cha kukata pumzi, na kikiwa hakijaisha mkurugenzi akaingia. Nje ya dirisha gari lake jipya lilikuwa limeegeshwa, viti bado vina nailoni.

"Ndugu wananchi," akaanza, "haya yote ni vikwazo. Adui anatukaba koo. Tuvumilie."

"Gari lako lilipita mlango gani, mheshimiwa?" mshona viatu akauliza. "Tuelekeze, na pampu ipite hapo hapo."

"Hilo ni gari la kazi."

"Na mashine ni ya kuchezea?"

Mkurugenzi hakumtazama. Mwezi uliopita mama yake mwenyewe alipandishwa ndege kwenda kutibiwa huko huko kwa waliotufungia mlango. Kila mfagiaji wa hospitali alilijua hilo. Walioweka vikwazo walisema wanawabana wakubwa. Wakubwa walikuwa wamenenepa.

Alimvuta fundi kando, sauti ikashuka, lakini chumba kilikuwa kidogo. Akamtolea kalamu na karatasi.

"Niandikie majina mawili ya kurudi nyumbani leo. Wewe unawafahamu hawa."

Fundi aliitazama kalamu. Vidole vyake vilinuka mafuta ya mashine.

"Kazi yangu ni kuchinja mashine, mheshimiwa. Watu sichinji."

"Hii ni amri."

"Basi nifukuze. Ila ukishanifukuza, hizo mbili zikikohoa umwite nani?"

Mkurugenzi alibaki ameshika karatasi na kalamu yake mwenyewe. Shemeji mtu akajikokota kutoka kwenye benchi, akiegemea ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mbele yake. Nyuma yake wale saba nao wakasimama, mmoja mmoja, kila mtu kwa nguvu aliyokuwa nayo.

"Fundi tumuache, si yeye mwenye hospitali," akasema kwa upole. "Mwenye hospitali amekuja mwenyewe. Tuko wanane, mheshimiwa, tuangalie usoni. Unaanza na nani?"