Wakimbiaji wa Afya Kwanza

Toussaint Nizigama alipohamia mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kufundisha darasa la tano kwenye shule moja ya msingi katika mtaa wa Songo, hakuwa anakunywa pombe, hakuwa anavuta sigara, na hakuwa na rafiki hata mmoja. Mambo mawili ya kwanza hayakumsumbua. La tatu lilimsumbua sana, hasa Jumamosi, siku ambayo kwao Luberizi angekuwa shambani na ndugu zake wakifukuza ndege kwenye mpunga na kutaniana. Mtaani Kilibula, alikokaa kwa mama yake mdogo Georgette, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua mashati matatu na kuyatazama yakikauka.

"Utaota mizizi hapo," Mama Georgette alimwambia. "Toka, utafute vijana wenzako."

Wenzake aliwapata kupitia Claude, mwalimu wa darasa la sita, kijana mcheshi mwenye shingo nene na sauti ya mtangazaji wa mpira. Claude alikuwa rais wa klabu ya mbio iliyoitwa Afya Kwanza. Walikuwa vijana kumi na watatu, wasichana kwa wavulana, wenye fulana za manjano. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikimbia kando ya ziwa kwa safu mbili wakiimba, na watu waliokuwa wakifagia mbele ya nyumba zao waliinua vichwa kuwatazama kwa heshima.

Siku ya kwanza Toussaint alikimbia vizuri. Alishangaa tu kwamba mbio ziliisha upesi. Hawakuwa wametimiza kilomita mbili walipokata kona na kuingia kwenye buveti, baa ndogo ya mbao iliyokuwa karibu na maji. Meza zilikuwa zimekwisha kupangwa, na chupa za bia zimekwisha kufunguliwa. Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu.

"Muntu akitoka jasho, anapashwa kurudisha maji," Claude alimweleza. "Njo sheria ya mwili."

Toussaint aliomba soda. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemlazimisha. Walimwita tu Padri, wakampa kiti cha mwisho kabisa, na kila hadithi ilipokolea mtu mmoja alisema, "Tuongee polepole, Padri asisikie." Wote walicheka, naye akacheka. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Jumamosi ya tatu Padri aliagiza bia, meza nzima ikampigia makofi, na kiti chake kikasogezwa katikati. Bia ilikuwa chungu. Aliimaliza.

Tuseme kweli, iliyofuata ilikuwa miezi ya furaha. Alipougua malaria, klabu nzima ilikuja kumwona na kumletea ndizi. Alijua sasa nani anampenda nani, na nani amekataliwa na nani. Mazoezi yakaongezwa Jumatano jioni. Baadaye, kwa sababu ya jua, njia ikafupishwa mpaka ikabaki mita mia nane. Fulana ya Toussaint ikaanza kumbana, akapewa kubwa zaidi pamoja na pongezi. Kila Jumapili kichwa kilimuuma kanisani, akaona ni kwaya ndiyo inaimba kwa sauti ya juu mno. Mama Georgette aliwaambia majirani kwamba mtoto wake ni mwanamichezo.

Mwezi wa tano shule ilifanya sikukuu ya michezo. Mama direktrisi, mkuu wa shule, alipanga mbio za mita mia mbili kati ya walimu na wazazi, na upande wa walimu akamwandika Toussaint bila kumuuliza. Nani asiyejua kwamba anakimbia kila juma? Claude, kwa upande wake, alikuwa ameandika mapema kwamba goti linamuuma.

Upande wa wazazi alijitokeza Mama Émérance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko sokoni, mwenye miaka hamsini na miwili na wajukuu wawili katika shule hiyo. Alivua ndala, akakaza kitenge kiunoni, akauliza mbio zinaishia wapi.

Wanafunzi wote walipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" Kwa mita hamsini Toussaint alikuwa mbele. Kwenye mita mia walikuwa bega kwa bega, na Mama Émérance akamwambia, bila hata kuhema, "Pole, mwanangu." Kwenye mia na hamsini Toussaint aliuona mgongo wake. Kisha akaona majani, kwa karibu sana.

Walimbeba hadi kituo cha afya. Muuguzi aliyempokea, Inamahoro, alimfunga mkononi kipimo cha tansiyo, yaani shinikizo la damu, akasoma, akamfunga mkono wa pili, akasoma tena.

"Mwalimu, weye iko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na tano."

"Hii tansiyo ni ya muntu wa makumi sita. Unakunywaka pombe?"

"Minye ni mwanamichezo."

"Sikukuuliza michezo."

Toussaint alifikiri. "Siku za mazoezi tu."

"Mazoezi ni siku gani?"

"Jumatano na Jumamosi." Akaongeza: "Na siku zingine tukikutana kupanga mazoezi."

"Chupa ngapi?"

"Inategemea joto."

Inamahoro aliandika kwa muda mrefu. Alimwambia aache pombe, apunguze chumvi, arudi kupimwa kila juma. "Na ukipata nguvu, ukimbie," alisema. "Lakini ukimbie kweli."

Siku zilizofuata Toussaint alikaa kitandani akiutazama ukuta. Tansiyo haikumtisha sana, maana haionekani. Kilichomtisha ni kile kiti cha mwisho pale mezani. Mwanaume mzima, mwenye diploma, alikuwa anaogopa kiti cha plastiki, na alijua kwamba anakiogopa, na kujua hakukusaidia kitu.

Baada ya majuma matatu muuguzi alimruhusu kukimbia polepole. Jumamosi hiyo alimwendea Claude kabla safu hazijapangwa.

"Claude, minye leo sitasimama kwa buveti. Nitapita."

"Utapita uende wapi?"

"Mbele."

"Mbele kuko nini?"

Toussaint hakuwa amefikiria jambo hilo. "Barabara," alisema.

Walikimbia wakiimba. Penye kona, klabu ilikata kushoto na Toussaint akaenda moja kwa moja. Nyuma yake wimbo ulikatika. Mtu mmoja alimwita Padri. Hakugeuka, kwa sababu hakutaka waione sura yake. Kisha akasikia miguu ikimfuata. Alikuwa Eliane, mshonaji, katibu wa klabu, ambaye chupa yake ilikuwa inaisha kabla ya za wengine wote.

"Minye nilikuwa namwagaka bia kwa muchanga," Eliane alisema. "Miaka mbili sasa."

"Mbona hukusema?"

"Na weye, mbona hukusema?"

Walikimbia kilomita moja zaidi, wakachoka kabisa, wakarudi kwa kutembea.

Jumatatu Claude alimkabidhi Toussaint barua yenye mhuri. Alifukuzwa katika Afya Kwanza kwa kosa la kuvuruga mwelekeo wa klabu. Barua ilikuwa imeandikwa na katibu, yaani Eliane, kwa mwandiko safi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuandika barua za namna hiyo. Siku hiyohiyo alikuwa ameandika na ya kumfukuza yeye mwenyewe.

Mvua zilipoanza, walikuwa watano wanaokimbia mpaka mbele. Hawakuwa na jina wala rais. Tansiyo ya Toussaint ilishuka, ingawa haikufika pale Inamahoro alipotaka, na kichwa kikaacha kumuuma. Kuna Jumamosi nyingine hakuja mtu, akakimbia peke yake amekasirika. Aliikosa pia ile meza. Katika wale watano hakuna aliyejua kusimulia kama Claude.

Siku moja, wakati wa mapumziko shuleni, Claude alimsogelea.

"Munaanzaka saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ni kaka yangu njo anauliza."

"Mwambie aje."

Jumamosi Claude alikuja bila kaka. Alikimbia nao akihema kama pampu ya baiskeli, mpaka wakafika usawa wa buveti, na hapo akasimama. Toussaint alisimama naye. Ndani, watu wa fulana za manjano walikuwa wanacheka.

"Weye uende," Claude alisema akiwa ameinama, mikono magotini. "Nitajaribu tena juma lijalo."

"Kweli?"

"Sijui."

Toussaint alimshika bega, kisha akakimbia kuwafuata wenzake, ambao walikuwa wamekwisha kufika mbali.