Folda Moja Inatosha

Ijumaa hiyo, mjini Aarhus, zamu ya kuleta mikate ya asubuhi ofisini ilikuwa ya Ditte. Aliipanga mezani, akajipiga picha ya kitambulisho kipya, na saa tatu kamili akaipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Humo mlikuwa na kijiprogramu alichokiandika mwenyewe. Faili likiingia kwenye folda, baada ya saa moja kinaamka, kinapunguza picha nusu, kinaihifadhi, kinalala. Ditte alitaka picha ndogo ziende folda ya pili. Preben, mkuu wao, alikataa.

"Folda moja inatosha, Ditte. Usitutatize."

Basi picha ndogo ilirudi mle mle, na kwa kuwa nayo ni faili lililoingia, saa moja baadaye kijiprogramu kiliamka tena.

Saa nne Ditte aliifikia meza kwa kidevu.

"Umepungua," alisema Kasper wa meza ya jirani, akipaka siagi.

"Nusu tu, kama picha."

"Unaleta mikate halafu huli. Ndiyo hayo."

Saa tano alilingana na buti. Kilichomsumbua ni Signe, bintiye wa miaka minne. Chekechea hufungwa saa kumi, na komeo la geti liliwekwa juu ili watoto wasilifikie. Jana Signe alichukuliwa wa mwisho, na Ditte alimwahidi kwamba leo atawahi.

Alimwendea Preben.

"Naomba idhini yako. Folda ya pili tu."

Preben alitazama huku na huku. "Nani anaongea?"

"Ditte."

"Kama ni Ditte, aandike."

Aliandika kwa kurukaruka juu ya vitufe, dakika arobaini. Preben alimjibu kwa alama ya dole gumba, na folda ikabaki moja.

Saa saba picha ikawa ndogo kiasi cha kutopunguzika tena, na Ditte akabaki na kimo cha kikombe. Kabla ya kuondoka alirukia vitufe vichache zaidi, akapakia picha ya Preben kwenye folda ile ile. Kisha Kasper akamtia mfukoni mwa shati, akapanda baiskeli, na saa tisa na nusu akafungua komeo.

Signe alimpokea mama yake kiganjani. "Leo umewahi," alisema.

"Si nilikuahidi?"

"Utakua tena?"

"Sijui, mpenzi."

"Ukila mkate wako wote utakua." Akamlaza kwenye kisanduku cha chakula, kando ya kipande cha mkate mweusi alichokibakiza.

Ditte alikula wikendi nzima, chini ya usimamizi. Jumatatu alikuwa na urefu wa rula.

Ofisini, Preben alikuwa amesimama mezani kando ya kikombe chake cha kahawa, ambacho hakikumzidi sana. Wafanyakazi walikuwa wameshamtafutia maikrofoni. Viti vilisogezwa karibu, mashine ya kahawa ikazimwa, na aliyekuwa na kikohozi akatoka nje.

"Folda moja inatosha," alisema Preben, na wote wakaandika.

Nyuma ya kisahani cha siagi, Ditte alikuwa amenyoosha mkono.