Kubisha Mara Tatu

Shangazi mtu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Lakini tangu amchukue mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka saba, ilimbidi ajifunze kupima maneno.

Mtoto alitoka nyumba ya vita. Huko sahani zilirushwa, na yeye alijua hasira za baba yake kwa kusikiliza viatu vikipanda ngazi. Sasa ukiangusha hata kifuniko cha sufuria, huyoo, katoka mbio. Shuleni wenzake walimbatiza Mshale. Mara nne walimkuta nyuma ya matangi ya maji, anatetemeka, hasikii la mtu. Mwalimu mkuu akasema akitoroka mara ya tano, atafutiwe shule nyingine. Na nyingine haikuwepo.

Majirani walishauri kiboko. Shangazi akawajibu kwamba huyo ameshakula vya kutosha, washughulike na yao. Aliyemfungua macho ni muuguzi wa kliniki: ubongo wa mtoto aliyekulia kwenye hofu hujifunza kwanza kujilinda, mengine baadaye. Hata hatari ikiisha, wenyewe bado uko zamu. Unaweza kujifunza upya, alisema, ila si kwa mahubiri. Ni kwa kurudia jambo lilelile kila siku mpaka uamini.

Basi kila alipotaka kuingia chumbani kwa mtoto, shangazi alibisha mara tatu kwa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, kisha akajitangaza: "Ni mimi. Sina hasira, nimechoka tu." Siku nyingine alikiri kuwa hasira anazo, lakini ni za cherehani. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka mzima, jamani, na mtoto hakujibu neno.

Jumanne moja ujumbe ukaja: mwalimu mkuu anamwita, upesi. Shangazi aliliacha gauni la bibi harusi chini ya sindano, akaondoka na futi yake ya kupimia shingoni, njia nzima akipanga namna ya kubembeleza.

Alimkuta mwalimu mkuu kaduwaa kitini. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya meza. Miguu yake ilikuwa imetulia sakafuni. Mwalimu akaeleza kwamba kioo cha darasa kimepasuliwa kwa mpira, kwa kishindo cha kutisha, na aliyeupiga ni huyu. Alikuwa anataka kutuma watu kwenye matangi aliposikia mlango wake unabishwa mara tatu.

"Kaja mwenyewe," mwalimu alisema. "Kaniambia, ni mimi, nimevunja dirisha, naogopa lakini sikimbii."

Shangazi alipiga kigelegele mle mle ofisini. Alimkumbatia mtoto huku machozi yakimtoka, hana habari na aibu. Mwalimu akamkumbusha taratibu kwamba kioo bado kimevunjika. Shangazi akaapa kushona mapazia ya shule nzima. Mwalimu akacheka, akamwambia mtoto kesho asichelewe namba, kule kuhesabiwa kwa asubuhi.

Walipokuwa wanatoka, upepo ukaubamiza mlango nyuma yao, paa! Mtoto akaruka, akaung'ang'ania mkono wa shangazi. Shangazi akasimama.

Mtoto akageuka, akautazama mlango.

"Ni mlango tu, shangazi," alisema. "Twende."

Wakaenda nyumbani wakitembea.